Tiba shufaa ya nyumbani Dodoma, wako vizuri ila wikiendi mmh

Niseme ukweli sikujua kama hii huduma ya kumtuliza maumivu mgonjwa asiyepona ipo mpaka mzee wetu alipolala kitandani huku Nkuhungu, saratani ya tezi dume imeshaingia kwenye mifupa, panadol anameza kama karanga na wapi. Usiku anagonga ukuta kwa ngumi. Siku moja akaniita, mwanangu hivi hakuna sindano ya kunimalizia, nimewachosha. Jamani neno hilo litoke kwa baba yako mzazi, ukimkubalia umeua, ukimkatalia umemtesa. Nilitoka nje nikakalia ndoo mpaka kunakucha.

Binamu yangu yuko Uholanzi, nikamweleza kwa simu, akasema kule tangu 2002 sheria inamruhusu daktari kumsaidia mgonjwa aliyeomba mwenyewe na mateso yake hayana nafuu. Sawa, ila kwetu kumsaidia mtu kujiua ni jela, hata maisha unaweza kula, na hiyo jela tuiweke pembeni, kati yetu watoto sita nani angekaa mezani Krismasi na wenzake akijua ni yeye?

Ndio wakaja hawa wa tiba shufaa. Muuguzi alishuka kwenye bodaboda vumbi tupu, akavua viatu mlangoni, akakaa kwenye mkeka, swali la kwanza kwa mzee ni unalalaje usiku. Akatoa mofini ya maji, dawa kali ya maumivu ya kunywa, akatufundisha kuipima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kila masaa manne, ile ya kulala inakuwa dabo ili mgonjwa asiamshwe usiku, kila dozi iandikwe kwenye daftari, na dawa ya kulainisha choo msisahau (tulisahau, tukajuta). Siku ya tatu mzee anaomba ugali wa uwele na mlenda. Ile sindano ya kummalizia haitaji tena, anataja watu wa Mpunguzi anaowadai hela zake.

Sasa kero. Jumamosi moja chupa inakaribia kuisha, tunapiga namba ya dharura inaita mpaka inakata, tukawa tunampunguzia dozi hadi Jumatatu. Ukuta ukaanza kugongwa tena. Na Jumapili usiku akaniuliza tena ile habari ya sindano, maneno yale yale. Mtu akija kwangu saa hizi kubishana kuhusu haki ya kufa, mimi nitamuuliza kwanza kama mgonjwa wake amepata dawa wikiendi.

Shangazi yeye aligoma kabisa kushika ile chupa, anasema asije akawa ndiye aliyempa ya mwisho. Tulimcheka. Ya mwisho nikampa mimi, saa nne usiku, ile dabo, iko kwenye daftari kwa mwandiko wangu, na alfajiri mzee akawa ameondoka. Msiba mzima nalifungua lile daftari nalifunga.

Muuguzi alikuja matangani, hakuna aliyemwita, akaliomba, akapitisha kidole mstari kwa mstari, akasema dada hii dozi ni ile ile ya wiki tatu zote, ugonjwa ndio umemchukua, wewe ulimpa usingizi. Akanywa chai akaondoka.

Hawajatudai hata mia. Nyota nne, ya tano nitawaongezea siku wakipokea simu Jumamosi.