Miguu Mifupi, Pikipiki ya Kwanza: Mwaka Mmoja na Honda Rebel 300

Mtaka cha mvunguni huinama. Mimi niliyetaka cha juu nilisimama kwa ncha za vidole, na bado sikukifikia. Kimo changu ni sentimita 155 nikiwa nimevaa soksi nene, na mguu wangu kwa ndani, kutoka kwenye msamba hadi sakafuni, ni sentimita 70. Navitaja vipimo hivi mapema kwa sababu kila aliyeniambia "chukua hii, iko chini" alikuwa mrefu kunipita kwa kichwa kizima.

Kabla ya kununua nilikaa juu ya pikipiki tano. Namaanisha kukaa kwa utulivu, robo saa kila moja, nimevaa buti zilezile za kuendeshea. Hapo ndipo nilipogundua kwamba ile namba ya urefu wa siti inayoandikwa kwenye karatasi ni nusu tu ya habari. Kawasaki Z400 ina siti ya milimita 785, Royal Enfield Meteor 350 ina 765. Kwa hesabu ya darasani, Meteor ingenifaa zaidi kwa sentimita mbili nzima. Nilipokaa, tofauti sikuiona. Siti ya Meteor ni pana, mapaja yanatanuka kwanza ndipo mguu unateremka, na kile kilichopungua juu kinaliwa pembeni. Z400 ni nyembamba pale siti inapokutana na tangi, kwa hiyo mguu unashuka moja kwa moja. Tangu siku hiyo, mtu akinitajia urefu wa siti namuuliza na upana.

Honda CRF300L, yenye siti ya milimita 880, niliikalia kwa ubishi tu, huku mtu ameishika. Ni kweli shokapu zake ndefu zinabonyea ukikaa, lakini uzito wangu mdogo hauzibonyezi kama wa mtu mzito, na vidole vyangu viliendelea kuning'inia. Nilishuka kama mtoto anayeshuka mwembe.

Iliyokaribia kunishinda moyo ni Kawasaki Vulcan S. Siti iko milimita 705, nyayo zote mbili zimelala chini, raha tupu. Kisha nikaambiwa niinyanyue kutoka kwenye stendi ya pembeni. Ile pikipiki ina zaidi ya kilo 220. Ilisimama, lakini nilihisi kwamba ikiamua kulala upande wa pili, tungelala wote. Wanaoanza tunaogopa sana kutofika chini, tunasahau kwamba kufika chini ni kwa ajili ya kuuzuia ule uzito.

Ndiyo maana nikaishia kwenye Rebel 300. Siti milimita 690, uzito kama kilo 170, na kiuno chembamba mbele ya siti. Nilikanyaga kwa unyayo mzima, magoti yamekunjika kidogo. Injini ni ya silinda moja, sentimita za ujazo 286, haina papara. Ukiachia klachi vibaya inazima, inakusubiri, mnaanza upya. Mikono nayo ipimwe, jambo ambalo wengi hawalisemi: kama vidole vyako ni vifupi kama vyangu, hakikisha unaifikia klachi na breki bila kuuachia mshiko wa usukani. Na kama toleo lenye breki za ABS, zile zinazozuia tairi lisijifunge ukibana ghafla, linapatikana, chukua hilo. Mimi sikujadiliana hata na pochi yangu.

Sasa nieleze nilivyoiangusha, maana bila hilo tathmini hii ingekuwa ya uongo.

Ilikuwa wiki ya pili. Nilikuwa nageuza kwenye maegesho, mwendo wa kutembea kwa miguu, usukani nimeukunja karibu mwisho. Gari likatokeza pua. Nikabana breki ya mbele, ghafla, kwa vidole vyote. Ukifanya hivyo usukani ukiwa umekunjwa, uzito wote unakimbilia upande ule uliokunja, na hakuna mguu wa kuuzuia, uwe mfupi au mrefu. Mguu wangu ulifika chini vizuri kabisa. Ulifika juu ya changarawe, ukateleza, na pikipiki ikalala taratibu kama ng'ombe aliyechoka. Nilikuwa nimenunua pikipiki fupi kuliko zote ili nisianguke, na nikaanguka nikiwa nimekanyaga ardhi!

Mwalimu wangu wa kuendesha, nilipomsimulia, hakucheka. Alisema, "Dada, kwenye mwendo mdogo breki yako ni ya mguu wa kulia. Ya mbele iache ilale." Tukarudi uwanjani. Siku nzima nilizunguka duara, klachi nusu, gesi kidogo, breki ya nyuma imeguswa tu. Siku ile moja ilinifaa kuliko sentimita kumi za siti.

Alinifundisha pia kuiinua. Zima injini, ingiza gia ili isiviringike, na kama imelala upande wa kulia, toa stendi ya pembeni kwanza ili isije ikapitiliza na kulala kushoto. Kisha igeuzie mgongo. Matako yakae kwenye ukingo wa siti, mkono mmoja ushike usukani uliokunjwa kuelekea chini, mwingine ushike chuma imara cha nyuma, halafu rudi kinyumenyume kwa hatua fupi ukisukuma kwa mapaja. Mgongo ubaki wima. Niliweza jaribio la tatu. Kwa maoni yangu hiki ndicho kipimo halisi cha pikipiki ya kwanza: ukiilaza na huwezi kuiinua peke yako, bado si yako.

Jambo lingine nililojifunza ni kwamba nyayo mbili chini hazihitajiki. Kwenye taa nashusha mguu wa kushoto tu, nasogeza nyonga kidogo upande huo, na wa kulia unabaki kwenye breki. Taabu ya mfupi iko kwenye kurudi nyuma, si kwenye kusimama. Ukiegesha pua ikitazama mteremko, umekwisha, utasubiri mpita njia mwenye huruma. Mimi siku hizi nikifika mahali, kwanza natazama ardhi inaelekea wapi, ndipo naegesha, pua ikitazama kule nitakakotokea.

Kuhusu kushusha pikipiki ndefu: rafiki yangu mfupi mwenzangu alibadilisha vyuma vya shokapu ya nyuma ili ishuke. Mbele hakugusa. Usukani ukawa mzito kugeuka, na stendi ya pembeni, ambayo sasa ilikuwa ndefu kupita kiasi, ikaisimamisha pikipiki wima mno, hadi siku moja ikaanguka yenyewe ikiwa imeegeshwa. Ukitaka kushusha, anza na yasiyoharibu kitu: buti zenye soli nene, kulegeza springi ya nyuma pale inaporuhusiwa, au fundi apunguze sponji ya siti, hasa kwenye kingo za mbele. Hayo ya kukata vyuma yaje mwisho, na yafanywe mbele na nyuma kwa pamoja.

Baada ya kilomita elfu sita, Rebel ina kasoro zake. Shokapu za nyuma ni ngumu, kila shimo linaripotiwa uti wa mgongo. Tangi ni lita 11.2, na kwa bahati injini hainywi sana. Ukifika kilomita 100 kwa saa silinda ile moja inaanza kulalamika, na upepo unakupiga kifuani bila kizuizi. Kwa safari ndefu za barabara kuu ningechukua ndugu yake, Rebel 500, yenye silinda mbili na siti ya urefu uleule, ila ana kilo kama 20 zaidi, na mimi mwanzoni zile kilo 20 nisingeziweza. Mjini sina malalamiko. Inapenya, inageuka bila ugomvi, na tairi zake nene za inchi 16 zinanipa utulivu kwenye lami mbovu.

Wiki iliyopita nilirudi kuikalia ile Z400. Siti ileile, miguu ileile, ncha za vidole palepale. Nikasogeza nyonga, nikashusha mguu wa kushoto, nusu unyayo ukakaa, nikatulia. Muuzaji akauliza kama nimeipenda. Nimeipenda. Lakini tairi la nyuma la Rebel bado lina kashata, meno yake hayajaisha, na sina haraka.