Fundi wa silaha wa Nakuru na darubini ya .22 iliyokataa kutulia

Bunduki yangu ya shabaha ni ya kaliba ya .22, ile inayotumia risasi ndogo zinazofyatuka kwa kugongwa ukingoni mwa ganda, na tangu nilipofungiwa darubini mpya juu yake haikuwahi kupiga mahali pamoja kwa Jumamosi mbili mfululizo. Wiki moja risasi zilikwenda chini kushoto. Wiki iliyofuata, bila mimi kugusa chochote, zilipanda kulia. Aliyeniuzia darubini alinishauri ninunue nyingine ya bei ya juu zaidi. Kabla ya kutoa fedha hizo niliona ni busara nitoke Njoro na kumpelekea fundi mwenye leseni katika jiji la Nakuru, ambaye sitataja jina la karakana yake kwa kuwa mwenyewe aliniomba hivyo, kwa sababu za usalama ambazo kila mwenye cheti cha silaha anazielewa.

Jambo la kwanza lililonipendeza ni utaratibu wake. Alikagua cheti changu, akahakikisha mwenyewe kwamba chemba, yaani mahali risasi inapokaa ndani ya bunduki, ni tupu ingawa nilikuwa nimekwisha kumwonyesha, kisha akaniuliza maswali kwa dakika ishirini kabla ya kushika bisibisi: natumia risasi za aina gani, nimebadilisha boksi lini, nalenga kwa umbali gani, mtutu niliusafisha mara ya mwisho lini. Nilipomwambia kwamba baada ya kila risasi iliyokwenda kando nilikuwa nikizungusha gurudumu la darubini ili kuisahihisha, alinyamaza kidogo, akasema, "Mwalimu, hapo ulikuwa unaifukuza risasi. Piga tano, tafuta kitovu cha hizo tano, ndipo uguse darubini."

Kisha akaanza chini na kupanda juu. Skrubu zinazoshikilia mtutu kwenye kitako alizikuta zimekaza vizuri. Alipofika kwenye pete zinazoishikilia darubini juu ya bunduki, tatizo likajitokeza. Mgongo wa bunduki yangu una mifereji ya upana wa takriban milimita 9.5, ilhali pete nilizofungiwa zilitengenezwa kwa mifereji ya milimita 11. Ukizikaza unazisikia zimeshika, hata kwa mkono hazichezi, lakini zinauma kwenye ncha tu, na kila mtikisiko unazisogeza kidogo. Wengi hudhani kwamba kwa kuwa .22 haina mtikisiko mkubwa, pete za namna yoyote zitafaa. Mimi pia niliamini hivyo. Fundi alichora alama ndogo ya penseli kati ya pete na bunduki, akanitaka nipige risasi kumi katika uwanja wa shabaha, na niliporudi alama zilikuwa zimeachana kwa upana wa ukucha.

Alifunga pete za kipimo sahihi, akazikaza kwa bisibisi yenye kupima nguvu hadi karibu nyutoni-mita 2, kwa sababu kukaza kupita kiasi huibana bomba la darubini na kuharibu mitambo ya ndani. Baadaye alizungusha magurudumu yote mawili, la juu na chini na la kushoto na kulia, kutoka mwanzo hadi mwisho akihesabu hatua, yaani kila mbofyo wa gurudumu, akayarudisha katikati. Alinieleza kwamba darubini iliyosukumwa hadi ukingoni mwa marekebisho yake hukosa nguvu ya springi ya kuishikilia, hivyo hata iliyo nzima huonekana mbovu.

Asubuhi iliyofuata tulikutana uwanjani saa mbili, kabla ya upepo wa Nakuru kuamka. Hilo si jambo dogo: upepo wa ubavuni wa kilomita 16 kwa saa unaweza kuisukuma risasi ya .22 sentimita 3 au zaidi katika mita 50, na anayerekebisha darubini mchana huwa anarekebisha upepo. Tulianza kwa mita 25. Hapa ndipo nilipojifunza hesabu ambayo hakuna aliyewahi kunieleza vizuri. Darubini yangu huhamisha alama takriban milimita 7 kwa kila hatua katika mita 100. Katika mita 50 hatua hiyo hiyo ni milimita 3.6, na katika mita 25 ni chini ya milimita 2. Kwa hiyo kosa la sentimita 2 katika mita 25 linahitaji hatua kumi na moja, nami nilikuwa nikizungusha tatu na kulaumu kiwanda.

Tulipohamia mita 50 alinionyesha pia paralaksi, yaani alama ya kulengea kuonekana kuhama jicho linaposogea. Aliilaza bunduki juu ya mifuko ya mchanga, akanitaka nisogeze jicho juu na chini bila kuigusa, na kweli msalaba wa kulengea ulio ndani ya darubini ulitembea juu ya shabaha. Darubini nyingi za bunduki kubwa hupangwa ili kosa hilo lisionekane katika yadi 100 au zaidi, wakati za .22 kwa kawaida hupangwa kwa karibu yadi 50. Yangu ni ya kundi la kwanza. Anasema inaweza kutumika, mradi shavu likae mahali pale pale kila mara.

Mwishoni alinipa boksi mbili za risasi za aina tofauti. Za mwendo wa wastani, kama mita 325 kwa sekunde, zilikusanyika katika eneo la sarafu ya shilingi ishirini. Zile za kasi zilitawanyika maradufu na kupiga juu zaidi. Sasa najua kwamba kubadilisha boksi ni kuanza upya.

Nililipa shilingi 4,500 pamoja na pete, na naona ni haki kabisa kwa mtu ambaye angeweza kuniuzia darubini nyingine na nikamshukuru. Kasoro zipo. Nilisubiri siku tisa kupata nafasi, na hatoi maelezo ya maandishi, jambo ambalo lingemsaidia sana mteja anayetoka mbali kama Kisumu au Kakamega. Risasi za majaribio pia huwa chache dukani.

Tangu siku hiyo nimepiga zaidi ya risasi mia mbili katika ziara tatu, na kitovu hakijahama. Anayekusudia kwenda kwake apige simu mapema, abebe angalau boksi moja la risasi 50 za aina anayotumia, na aiache darubini ikiwa imefungwa kama ilivyo, maana akiifungua nyumbani atakuwa ameufuta ushahidi ambao fundi anautafuta.