Hadina ya kwenye chupa ya maji

Bado nina rezini, ile gundi ya kaboni, kwenye malaika ya mkono na hasira haijaniisha, kwa hiyo nikizidisha mnivumilie.

Nina gari, Toyota Altezza. Nilitaka makava ya saidi mira ya kaboni, kaboni ya kweli, siyo ile stika inayobandikwa kila kona halafu ikipigwa jua miezi miwili inaanza kujikunja pembeni. Nikachagua njia nyepesi kuliko zote. Unachukua kava lako lilelile la plastiki, unalikwangua kwa msasa, unalipaka rezini nyeusi, ikianza kunata unalivisha kitambaa cha kaboni, kisha unapaka rezini angavu tabaka juu ya tabaka. Mwisho msasa wa maji na polishi. Hakuna kalibu, hakuna pampu ya kunyonya hewa. Nikajiambia, hii hata mimi naiweza.

Kitambaa sina neno nacho. Nilinunua mita moja, kile kilichofumwa kwa mshazari, na usiku ule nilikaa nacho sebuleni nakigeuza kwenye taa kama mtu aliyeletewa kitenge cha sikukuu. Ukikiinamisha huku mistari inahamia kule.

Sasa hadina, ile dawa unayochanganya na rezini ili igande. Rezini ilikuwa kwenye kopo lake, limeandikwa epoksi. Hadina, jamaa wa dukani akaimimina kutoka kwenye dumu, akaitia kwenye chupa ya maji ya nusu lita, akakaza kizibo. Nikamuuliza, "Kaka, vipimo vyake vikoje?" Hakuinua hata macho kwenye simu. "Matone tu bosi. Ukitaka iwahi kukauka, ongeza."

Wanaojua mambo ya faiba hapa mmeshacheka. Matone ni ya polyesta, ile ya maboti na matangi. Kule unachotia ni kichocheo tu, asilimia moja au mbili hivi, na kweli ukiongeza inawahi kuganda. Epoksi haiendi hivyo. Hadina yake inaingia ndani kabisa, inashikana na rezini moja kwa moja, na kila upande una hesabu yake. Hii ya kwangu ni gramu 100 za rezini kwa gramu 30 za hadina. Hadina ikipungua, rezini iliyokosa mwenzake inabaki mjane mlemle ndani. Ikizidi, mjane ni hadina.

Mimi nikatia matone. Na kwa kuwa nina haraka, nikaongeza kama kijiko hivi.

Asubuhi inanata. Jioni inanata. Siku ya tatu mtoto wa jirani akaligusa akaacha alama ya kidole na mistari yake yote, polisi wangeitumia kortini. Kufika wiki kuna nzi wawili na sisimizi wasio na idadi. Ulimbo mtupu. Nikalianika kwenye jua la saa saba nikidhani joto litasaidia, ndiyo kwanza likalegea, kitambaa kikateleza, mistari ikaenda upande kama shati lililokosewa vifungo.

Nikalitia kwenye boksi la viatu nikalirudisha dukani. Hapa ndipo penyewe. Jamaa akalinyanyua kwa vidole viwili, akamwita mwenzake aliyekuwa nyuma: "Oya, njoo uone keki!" Dukani kuna wateja, wote wakageuka. "Wewe ni fundi?" Nikasema hapana, mimi mhasibu. "Basi bosi, kaboni waachie wenyewe. Hii ni plastiki tu, lakini ina wenyewe."

Plastiki tu! Mwaka 1981 McLaren waliingiza kwenye Formula 1 gari la MP4/1 lenye bodi ya kaboni, "plastiki" hiyohiyo, watu wakanung'unika kwamba ikigongwa itakuwa unga. Mwaka huohuo dereva wao John Watson akaligonga vibaya Monza, Italia, injini ikang'oka ikaenda zake, yeye akashuka akatembea. Ningemwambia. Lakini hayo yalinijia nikiwa kwenye daladala narudi, kama kawaida ya majibu mazuri.

Kwa hiyo neno langu lilikuwa moja: msinunue kwa muuzaji anayekupimia kemikali kwenye chupa ya maji. Na nilikuwa niishie hapo.

Ila siku moja, kwa ubishi tu, nikachukua lile kopo nikalisoma ubavuni. Maandishi ya sisimizi, lakini yapo: 100 kwa 30, kwa uzito. Nikakwangua ulimbo wote kwa thina, nikachukua mzani wa keki wa mke wangu, nikapima. Mara ya kwanza nikakoroga nyingi kwenye kikombe cha plastiki, nikapokea simu, narudi nakuta kikombe kinatoa moshi na kimepinda kiuno. Epoksi ikirundikana pamoja inajipasha moto yenyewe, na joto la Dar linaichochea. Kidogokidogo basi, kwenye sahani pana.

Ikakauka. Ngumu kama kucha. Nikapiga msasa wa 400, likawa la kijivu, limefubaa, roho ikanidondoka. Na lile vumbi jeusi linawasha kama upupu, vaeni mikono mirefu na barakoa. Halafu 800, 1500, 2000, polishi, na mistari ikarudi mmojammoja kutoka chini, kama samaki wanaopanda juu ya maji. Nililishika nikaita watu wa nyumbani waje. Mke wangu akaja, akatazama kava, akatazama mzani. "Baba, hii gundi iko kwenye mzani wa unga wa watu?"

Mnaelewa maana yake? Chupa ni ileile. Hadina ilikuwa nzuri tangu mwanzo. Bidhaa ya yule jamaa ni safi, na bei yake siyo mbaya, naungama. Kibovu ni mdomo wake. Ingawa, na hili nalisema kwa uchungu, mhasibu mzima nilifungua kopo bila kusoma namba zilizoandikwa juu yake.

Lakini nilimuuliza! Nilimuuliza kwa adabu kabisa!

Rafiki yangu kaniuliza kama gari limepungua uzito. Limeongezeka gramu 70, kava la plastiki bado limo humo ndani. Fundi rangi ameshalipulizia kilia, ile rangi angavu ya juu, maana epoksi ikiachwa juani inageuka njano.

Bado kava la kushoto. Kile kikombe cha moshi kilikula nyingi, kwenye chupa imebaki hadina ya kidole kimoja, na siwezi kuchanganya na ya duka lingine. Nimemtuma shemeji akanunue. Nimemwambia asitaje jina langu, na wala asiulize vipimo.