Patton au Bradley: makuruta umpe nani?

Mwaka 1942, katika Vita vya Pili vya Dunia, jenerali wa Marekani George Patton alifungua kambi ya mafunzo katika jangwa la California: jua kali, mbio na makaripio. Askari walikomaa kweli, hilo simnyimi. Kule Louisiana, jenerali mwenzake Omar Bradley aliwapokea makuruta wa Divisheni ya 82 kwa bendi na chakula cha moto. Hakuwadekeza, mazoezi yalikuwa yaleyale ya kutoa jasho. Ila alijua kijana aliyetolewa kwao juzi anaogopa.

Kuvunja ngome ya adui ningempa Patton. Makuruta, Bradley, bila kusita. Hasira za Patton zilimponza Sisilia, Agosti 1943, alipowazaba vibao askari wawili waliolemewa na vita, tena hospitalini. Mkuu wao, Jenerali Eisenhower, akamwamuru aombe radhi. Mwaka uliofuata, Bradley aliyekuwa chini ya Patton akawa mkuu wake.