Ofisi ya ushauri wa masomo chuoni kwetu, Minnesota: nyota nne

Ukisoma Marekani kwa viza ya mwanafunzi, F-1, na somo likakushinda katikati ya muhula, muone mshauri wa masomo kabla hujabonyeza chochote kwenye mfumo. Kemia yangu ilikuwa inaelekea kwenye F. Mama mshauri niliyemwona hakunihubiria. Alichukua karatasi akapiga hesabu mbele yangu. Nilikuwa na krediti 16, yaani vipimo vya uzito wa masomo ya muhula, Kemia peke yake 4. Nikipata B kwingine kote na kufeli Kemia, GPA, yaani wastani wa alama, ya muhula ni 2.25. Nikijitoa kwenye Kemia inabaki 3.0, na transkripti inaandikwa W, alama ya kujitoa, ambayo haiingii kwenye wastani.

Kisha akauliza jambo ambalo wenzangu hawakuwahi kunitajia: zitabaki krediti ngapi? Zilibaki 12, kiwango cha chini kabisa kwa viza hiyo. Ningeanza muhula na 13, kujitoa bila kibali cha ofisi ya wanafunzi wa kigeni kungehatarisha ukaaji wangu nchini. Wenye msaada wa fedha wa serikali nao waangalie: W huhesabiwa kama krediti ulizochukua bila kumaliza, na zikizidi msaada unaweza kusitishwa.

Nyota moja nimeipunguza kwa sababu ya miadi. Unasubiri karibu wiki nzima, huku tarehe ya mwisho ya kujitoa inakaribia. Wiki hiyo jamani wawapokee hata wasio na miadi! Ada haikurudishwa, mjue mapema. Nilijitoa, Kemia nitaisoma kiangazi ikiwa peke yake.