Rivyu: vikao vya maoni ya bajeti ya kaunti, nimeenda miaka mitatu, nawapa nyota tatu

Nimehudhuria vikao vya kutoa maoni ya bajeti ya kaunti yetu 2023, 2024 na mwaka huu wa 2025, hapa hapa Pwani ya Kenya, wadi yangu naomba nisiitaje. Naandika kama mteja manake ile ni huduma, tunailipia kwa leseni za biashara na ushuru wa soko kila siku, na Katiba ibara ya 196 inasema bunge la kaunti lazima lishirikishe wananchi, kwahiyo si hisani ya mtu.

Nianze na muda. Tangazo lasema saa nne asubuhi, wameanza saa saba kasoro. Mimi nina kiduka cha nguo za watoto, nikifunga siku nzima hiyo siku sijauza hata soksi, na wale mama mboga waliokuja saa nne, kufikia saa sita washaondoka, maoni yao yameenda nao. Hema lipo, viti vya plastiki vipo, maji ya chupa yapo, sina neno hapo. Lakini kitabu cha bajeti jamani, kurasa zaidi ya 300, Kiingereza kitupu, nakala mbili kwa watu kama mia hivi. Kiswahili ndio lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi, imeandikwa ibara ya 7, sasa kweli hata kurasa kumi za wadi yetu zinashindikana kutafsiriwa? Hilo limeniuma miaka yote mitatu.

Kitu kingine hawaelezi mwanzoni kaunti inahusika na nini, halafu watu wanapoteza dakika zao mbili. Kuna mzee mmoja alikuja na karatasi ameiandika vizuri kwa mkono, anaomba madarasa mawili ya shule ya msingi, akaisoma yote, akaambiwa mzee hiyo si kazi yetu, hiyo ni serikali kuu. Akaikunja ile karatasi mara nne akaitia mfukoni akakaa. Mwaka uliofuata sikumuona. Kaunti ni zahanati na hospitali zake, chekechea, masoko, barabara za kaunti, maji, kilimo na mifugo. Shule za msingi, sekondari na polisi sio. Dakika tano tu za kueleza hivyo na yule mzee angeomba chekechea ama angejua aende kwa mbunge, ofisi ya CDF, ule mfuko wa maendeleo wa eneo bunge.

Sasa nilichoendea mimi. Zahanati yetu haikuwa na maji ya kutegemea, mja mzito akienda kujifungua anaenda na mtungi wake. Usiku mmoja binti wa jirani uchungu ulimshika, yeye na mamake wakapanda boda ya mbele, mimi boda ya nyuma nimekumbatia mtungi wa lita 20, barabara ni mashimo, nilifika nimelowa kuanzia kifuani mpaka miguuni na mtungi umebaki nusu. Nesi akaniuliza, dada, ndio hayo tu? Swali hilo ndilo lililonipeleka kwenye kikao.

2023 nikasimama nikasema tunaomba maji zahanati, watu wakapiga makofi, nikaketi nimefurahi. Hakuna kilichotokea. 2024 nikaenda mapema kwa karani na hapa ndio natoa nyota zote tano, kijana mdogo ana daftari lake la kaunta, hakunikimbiza. Akaniuliza, "Mama, wataka tenki la zahanati ama maji ya kijiji? Manake nikiandika maji tu itaenda idara ya maji, na zahanati iko chini ya afya." Yaani mwaka mzima ombi langu huenda lilikuwa kwenye meza ya idara nyingine! Akaandika, tenki la lita 10,000 pamoja na gata (mifereji ya kukinga maji ya mvua kwenye paa), idara ya afya, jina la zahanati, halafu akanisomea neno kwa neno na mimi nikatia sahihi. Kama wataka kufaidika na hii huduma tafuta karani, usiridhike na maikrofoni.

Baada ya kikao ndio kimya, hakuna anayekupigia wala kubandika orodha ya yaliyokubaliwa na yaliyokataliwa na sababu zake. Nikaandika barua kuomba habari, haki hiyo iko ibara ya 35 na sheria ya 2016 inawapa siku 21 kujibu. Jibu lilikuja siku ya 18, karatasi moja, mstari wa tenki letu kwenye bajeti upo. Lakini ni wangapi wana muda wa kuandika barua?

Mwaka huu hema lilikuwa tofauti kabisa, vijana wamejaa, tangu ule Mswada wa Fedha wa Juni 2024 walivyouchambua kipengele kwa kipengele mpaka Rais akakataa kuutia saini wamekuwa hawaogopi karatasi. Walikuwa wamegawana kurasa kwa WhatsApp, huyu afya, huyu barabara, wanasimama wanataja namba ya ukurasa na maafisa inabidi wafungue watafute. Mimi nilisisimkwa mwili. Watoto wetu hawa.

Kwa anayetaka kwenda, jueni kikao cha bajeti cha Mei mnafika chakula kimeshapakuliwa. Kitabu cha bajeti kinafika bunge la kaunti kufikia 30 Aprili na mwaka wa fedha unaisha 30 Juni, nafasi ya kuongeza mradi mpya hapo ni ndogo. Miradi inaingia kwenye mpango wa maendeleo wa mwaka ambao lazima upelekwe bungeni kufikia 1 Septemba, kwahiyo kikao cha kwenda kwa nguvu ni cha mpango huo, cha Julai ama Agosti, na hicho ndicho hema huwa nusu tupu.

Tenki lilikuja Februari, jeusi, limekaa nyuma ya chumba cha kujifungulia juu ya msingi wa mawe. Gata hazijaungwa, mvua za masika zote zimemwagika pembeni ya ukuta huku tenki linaangalia, nesi ameweka ndoo chini ya paa. Nilishaandikisha Mei kwa karani yule yule, na Agosti nafunga duka tena.