Dubai na watoto: mlale Deira au Marina?

Mimi nikiwa na watoto wadogo nachagua Deira, ule mtaa wa zamani wa Dubai, bila kusita. Mkishuka eapoti mnapanda metro ile laini nyekundu, vituo vichache tu mko Al Rigga, hapohapo Deira, halafu jioni mnaenda soko la dhahabu na kuvuka maji kwa abra, ile mashua ya mbao, dirham 1 kila mtu, watoto wanafurahi mno. Marina, ule mtaa mpya wa pwani, kuzuri kweli, bichi ya JBR (Jumeirah Beach Residence) iko hapohapo, ila metro toka eapoti ni karibu saa nzima na hoteli za ufukweni bei zinapanda sana Desemba. Kama wenu wanataka kuogelea tu, nendeni Marina. Kokote mtakakolala, pigeni hesabu ya ile kodi ya utalii, inalipwa kwa chumba kila usiku, mara nyingi pale mapokezi.